Injera ya watu wanne: kuagiza na kula sinia moja

Kosa linaloharibu mlo wa Kihabeshi hufanyika mapema, chakula kikiwa bado jikoni. Kila mtu anashika menyu, anachagua chake, anaifunga. Wa kwanza doro wot, mchuzi wa kuku, wa pili doro wot, wa tatu misir wot ya dengu, wa nne key wot ya nyama ya ng'ombe. Kinachokuja mezani ni michuzi mizito, yote myekundu, yote ya berbere, ile pilipili yao ya viungo, na baada ya dakika kumi injera ya chini, mkate mpana mwembamba unaotandikwa siniani, imelegea kama karatasi iliyonyeshewa. Mpishi hajakosea. Waliokaa mezani waliagiza sahani nne, na hapa huletwa sinia moja.

Kwa mtu aliyelelewa Nyanza au Magharibi, nusu ya adabu ya meza hii haihitaji kufundishwa. Ugali, uuite kuon au obusuma, umewekwa katikati tangu zamani, kila mkono ukimega upande wake. Wazee wa Kijaluo walikuwa wakila pamoja kwenye duol, kibanda cha mwenye boma. Kunawa kabla ya kula, kutumia mkono wa kulia, kutovuka kwenda kuchokoa mbele ya mwenzako: yote hayo yanafanana. Kinachobadilika ni kazi ya vidole, na hapo ndipo mikono iliyozoea ugali hukwama.

Ugali unaumega tonge, unaliviringa kiganjani, unalibonyeza kwa dole gumba mpaka lipate kishimo, na kishimo hicho ndicho kijiko chako. Injera ukiifanyia hivyo inakuwa donge la mpira. Chana kipande cha upana wa vidole vitatu au vinne, ukianzia ukingoni mwa injera iliyoviringwa. Kilaze juu ya kitoweo, upande wenye matundu ukiangalia chini, kwa sababu matundu ndiyo yanayoshika mchuzi. Kisha leta dole gumba na vidole viwili pamoja chini ya kitoweo, bana, inua. Vidole havigusi mchuzi hata kidogo. Ukiona mchuzi umepanda mpaka kiungo cha pili cha kidole, kipande kilikuwa kidogo mno. Ukishiba kabla vitoweo havijapungua, vipande vilikuwa vikubwa mno. Kulamba vidole mezani ni aibu kwa Wahabeshi, ingawa kwenye samaki wa kukaanga huku kwetu hakuna anayekushangaa. Ukichafuka, pangusa kwa tishu, au omba jagi na beseni tena.

Injera yenyewe ndiyo inayoamua kama mlo utakuwa mzuri, kwa hiyo inafaa kuielewa. Nafaka yake ya asili ni tefu, mbegu ndogo kiasi kwamba punje 150 hivi hulingana kwa uzito na punje moja ya ngano. Unga huchanganywa na maji pamoja na ersho, yale maji ya manjano yanayojikusanya juu ya mchanganyiko wa awali, ambayo ndiyo chachu. Huachwa siku mbili hadi tatu. Maji ya juu yakishamwagwa, sehemu ndogo ya mchanganyiko huchemshwa na maji mpaka iwe uji mzito unaong'aa, uitwao absit, kisha hurudishwa kwenye chombo. Wengine huiruka hatua hii kwa haraka, na wakiiruka injera inakakamaa na kupasuka inapokunjwa. Mchanganyiko ukishapanda tena na kutoa mapovu, humiminwa kwa mzunguko juu ya mitad, bamba pana la udongo au la umeme, kuanzia ukingoni kuelekea katikati. Matundu yakishafunguka kote, mfuniko huwekwa kwa dakika mbili au tatu. Injera haigeuzwi. Hupikwa upande mmoja tu.

Sasa, Addis Ababa iko karibu mita 2,350 juu ya usawa wa bahari. Nakuru iko kama 1,850, na Kisumu kama 1,130 tu, kando ya ziwa, ambako mchana joto hukaribia nyuzi 30. Mchanganyiko unaohitaji siku tatu kwenye baridi ya Addis huwa tayari Kisumu kwa nusu ya muda huo. Mpishi anayefuata saa za nyumbani kwao atakuletea injera inayokata ulimi kwa ukali na yenye harufu ya pombe. Aliyezoea hali ya hewa ya hapa humwaga maji ya juu mapema na kuweka chombo mahali penye kivuli. Waliowahi kupika uji wa kuchacha wanalijua jambo hili bila kuelezwa: siku ya jua kali uji hauwezi kusubiri ratiba yako.

Jambo la pili ni unga. Mwaka 2006 Ethiopia ilipiga marufuku kuuza nafaka ya tefu nje ya nchi ili bei isiwapande wananchi wake, na ikaanza kulegeza mwaka 2015 kwa mashamba machache ya kibiashara. Nje ya Ethiopia, basi, wapishi wengi huchanganya tefu na mtama, mchele, wimbi au ngano. Hilo si udanganyifu. Hata Ethiopia kwenyewe injera ya mtama na ya wimbi hupikwa, na mtama na wimbi wa huku ni wa kujivunia. Ila uliza, hasa kama mezani kuna mtu asiyevumilia ngano. Tefu haina gluteni, ile protini ya ngano, lakini robo kilo ya unga wa ngano ikishaingia kwenye chombo, maneno hayo hayana maana tena kwa mgonjwa.

Kuikagua injera kunachukua sekunde chache. Uso wa juu uwe na matundu kila mahali, yale Wahabeshi wanayoyaita macho. Sehemu isiyo na macho ina maana kwamba mitad haikuwa na moto wa kutosha, au mchanganyiko ulikuwa mzito, au ulimiminwa kabla haujapanda. Chini pawe laini, pasipo madoa ya kuungua. Ikunje mara nne: isipasuke. Ukiishika isikugande vidoleni. Ikiganda, iliondolewa mbichi au ilipangwa juu ya nyingine ikiwa bado ya moto, ikatoa jasho. Na usimtume mhudumu aipashe. Injera huliwa ikiwa imepoa, vitoweo ndivyo vinavyokuja vya moto. Ikiwa ya moto inakatika mkononi.

Tuje kwenye oda. Kwa watu wanne, hesabu injera moja kubwa ya kutandikwa na nyingine nne hadi sita zilizoviringwa kama mikeka midogo pembeni. Anza na nne, ongeza baadaye, kwa maana injera iliyofika mezani hukauka kingo haraka chini ya feni. Vitoweo viwe sita au saba. Agiza beyaynetu kubwa kwanza. Neno hilo maana yake ni mchanganyiko wa kila aina, na ndani yake utapata vitoweo vya jamii ya kunde na mboga: misir wot ya dengu nyekundu na berbere, kik alicha ya njegere kavu zilizopasuliwa, iliyotiwa manjano bila pilipili, gomen ya mboga za majani, ambayo sukuma wiki yetu huifanya vizuri, tikil gomen ya kabichi, karoti na viazi (wakazi wa Nakuru wenye viazi vya Molo hawana sababu ya kuikosa), na mara nyingi shiro, mchuzi mzito wa unga wa jamii ya kunde. Kisha ongeza kitoweo kimoja cha nyama chenye mchuzi na kimoja kikavu. Basi. Beyaynetu, doro wot moja, tibs moja, na kibakuli cha ayib, ile jibini nyeupe laini isiyo na chumvi nyingi, inatosha watu wanne na kubaki.

Angalia kwa nini oda hiyo inakaa vizuri. Kuna chekundu kikali, kuna cha manjano kipole, kuna cha kijani, kuna kikavu, kuna cha kupoza. Ulimi unapochoka na berbere una pa kukimbilia. Na injera ya chini haizamishwi, kwa sababu nusu ya vitoweo havina maji. Ukitaka kupunguza bajeti, ondoa tibs, usiondoe alicha. Watu huidharau kwa kuwa haina pilipili, lakini bila hiyo kila tonge lina ladha ya tonge lililotangulia.

Jambo dogo linalosaidia sana: mwambie mhudumu kila kitoweo kiwekwe sehemu mbili za sinia. Mmekaa wanne kuzunguka, na adabu ni kula upande wako. Gomen ikiwekwa rundo moja upande wa kaskazini, mtu wa kusini ataikosa au atanyoosha mkono juu ya chakula cha wenzake. Jikoni hawakatai. Mkizidi watano, ombeni masinia mawili.

Doro wot inastahili kuzungumziwa peke yake. Ndicho kitoweo cha sikukuu, na anayekipika kwa haraka anajulikana. Kwa kuku wa kilo moja na nusu huhitajika karibu uzito huohuo wa vitunguu maji, vilivyokatwakatwa vidogo kabisa. Vitunguu huwekwa sufuriani vikavu, bila mafuta, moto mdogo, vikikorogwa mpaka maji yake yakauke na rangi igeuke kahawia: dakika 45, wakati mwingine zaidi ya saa. Ndipo huingia samli yenye viungo, niter kibbeh, na berbere, ambayo ni pilipili kavu iliyosagwa na kitunguu saumu, tangawizi, uwatu, korarima ile iliki ya kwao, na habasoda. Berbere nayo hupikwa polepole kwa matone ya maji, nusu saa hivi, la sivyo inabaki na uchungu wa unga mbichi. Kuku hufuata mwishoni, akiwa amechunwa ngozi na kuoshwa kwa ndimu na chumvi, pamoja na mayai ya kuchemsha. Kwa mila hukatwa vipande 12, kila kipande kwa jina lake. Waluhya, ambao imondo (firigisi) ya kuku ina mwenyewe kabla sufuria haijatengwa, watalielewa hilo upesi.

Mkahawani utaitambua iliyopikwa sawasawa kwa mambo mawili: kitunguu hakionekani tena, kimeyeyuka kuwa rojo, na mafuta mekundu yamejitenga juu. Ukiona vipande vya kitunguu vinaelea kwenye mchuzi mwepesi, huo ni mchuzi wa kuku uliotiwa pilipili. Uliza pia oda moja ina vipande vingapi na mayai mangapi. Mikahawa mingi huweka kipande kimoja au viwili na yai moja. Yai hugawanywa kwa injera, vipande vinne, na nyama huchambuliwa kutoka kwenye mfupa na mmoja wa mezani kisha kusogezwa pande zote. Kazi hiyo ifanywe mapema, kabla wawili hawajashika paja moja.

Tibs ni nyama ya kukaangwa na kitunguu, pilipili na rozmari. Ukitaka iliyokauka, sema derek tibs. Kitfo ni nyama isiyo na mafuta, iliyokatwa laini kabisa kwa kisu, ikachanganywa na niter kibbeh na mitmita, pilipili iliyo kali kuliko berbere. Kwa asili yake ni mbichi. Ikipashwa kidogo huitwa leb leb, ikiiva kabisa yebesele. Kwa mkahawa wa mtaani ninashauri yebesele bila kusita: nyama mbichi ya ng'ombe hubeba tegu, na joto la Kisumu halimsamehe mtu mwenye friji inayokatikiwa na umeme.

Na samaki? Tilapia wa kukaanga, asa tibs, ni chakula cha kawaida kwenye maziwa ya Ethiopia kama Hawassa na Ziway, kwa hiyo mkahawa wa Kihabeshi kando ya Ziwa Victoria ukiwa na ngege kwenye menyu haujaiga majirani. Ila asiwekwe juu ya sinia. Omba sahani yake pembeni. Mwiba uliozama ndani ya injera hauonekani, na kwenye sinia mko wanne.

Siku ya kwenda nayo ina uzito. Waumini wa Kanisa la Orthodox la Ethiopia hufunga Jumatano na Ijumaa, na siku 55 kabla ya Pasaka yao: hakuna nyama, maziwa, samli wala mayai. Siku hizo beyaynetu huwa katika ubora wake, kwa kuwa jikoni kumepika mboga na vitoweo vya kunde kwa ajili ya watu wao wenyewe. Siku nyingine, shiro na misir huweza kutiwa samli bila kutajwa kwenye menyu. Asiyekula vitu vya wanyama aseme neno moja, yetsom, yaani ya mfungo, na jikoni wataelewa kila kitu kinachopaswa kuachwa. Wasabato wasiokula nyama, ambao huku kwetu ni wengi, watakuwa salama na neno hilohilo. Kwa Waislamu, uliza aliyechinja. Ethiopia kwenyewe, kwa mila, Mkristo na Mwislamu hawali nyama iliyochinjwa na mwenzake, hivyo swali hilo halimuudhi mwenye mkahawa. Uliza pia kuhusu awaze, ule mchuzi mzito wa berbere wa kuchovyea, kwa sababu wengine huulainisha kwa pombe kidogo.

Sinia likishawekwa, anza na vipole: alicha, gomen, kabichi. Ukianza na mitmita, ulimi hausikii tena kitu kingine. Pilipili ikizidi usikimbilie maji, maana ukali wake hauyeyuki ndani ya maji, unasambaa tu mdomoni. Kula ayib na injera tupu. Halafu kuna gursha. Mtu anatengeneza tonge zuri, anakusanya kitoweo kizuri zaidi kilicho mbele yake, na kukutia mdomoni kwa mkono wake. Ni heshima, na kuikataa kunaumiza. Mwenye kupokea afungue mdomo vizuri na kuinama kidogo juu ya sinia. Mwenye kutoa asitengeneze donge kubwa kwa kuonyesha upendo. Tonge la saizi ya yai la kware linatosha, likiwa limefungwa pande zote ili lisidondoke. Vidole visiguse midomo. Mwenye mafua atoe udhuru kwa upole na aombe kibakuli chake. Wenzake watamshukuru.

Injera ya chini huliwa mwisho, na usiiache. Imenywa kila mchuzi uliopita juu yake. Kwangu hicho ndicho kipande bora cha mlo wote, mradi oda ilikuwa na vitoweo vikavu vya kutosha na haikugeuka uji.

Kahawa iagizwe chakula kinapofika, wala si baada ya kula, kwa kuwa inachukua dakika 45 hadi saa nzima. Huitwa buna, jirani wa neno letu buni. Buni mbichi huoshwa, huchomwa kwenye kikaango mbele yenu, na moshi wake hupitishwa kwa kila mtu aunuse. Ubani unawaka kando. Kisha husagwa, huchemshwa ndani ya jebena, birika la udongo lenye shingo ndefu, na huachwa itulie kabla ya kumiminwa. Wakiimimina kabla ya kutulia, unatafuna machicha. Kuna mizunguko mitatu kwa kahawa ileile inayoongezwa maji: abol iliyo kali, tona, na bereka, ambayo ni baraka. Huletwa na bisi. Mwenye haraka asiagize kabisa, kwa sababu kuondoka baada ya abol ni kama kutoka harusini kabla ya chakula. Asiyekunywa kahawa aombe chai ya viungo, nayo ipo.

Kilichobaki juu ya sinia kiishie pale. Kimeguswa na mikono minne, na usiku mmoja wa Kisumu bila friji unatosha kukiharibu. Lakini injera zilizoviringwa ambazo hazikuguswa zifungiwe kwenye mfuko, maana kesho asubuhi ni firfir. Kaanga kitunguu kimoja kikubwa kwa vijiko viwili vya mafuta dakika kumi, tia kijiko kimoja cha berbere na matone ya maji, acha dakika tano, ongeza nyanya moja na kikombe cha maji, ichemke. Chana injera mbili vipande vya ukubwa wa stempu, vitie, geuza mara tatu au nne tu, epua. Ukikoroga zaidi ya hapo vinavunjika. Vipakue vingali na umbo, juu ya injera ya tatu kama ipo.